Mlango Puani, Injini Gurudumuni

REHEMA: Wasikilizaji wetu, karibuni. Mimi ni Rehema, na niko na kaka yangu Idrisa, ambaye wiki nzima amekuwa akinitumia picha za Isetta na kudai kwamba hakuna kigari kingine cha zamani kilichobuniwa kwa akili kama hicho. Mimi ninashikilia kwamba Messerschmitt, kigari cha magurudumu matatu cha kampuni ya ndege ya Ujerumani, kinakipita. Kaka Idrisa, mwenye madai ndiye mwenye kuleta ushahidi, basi anza wewe.

IDRISA: Asante, dada. Ushahidi wangu wa kwanza ni asili yake. Kampuni ya Iso ya Italia ilikuwa imezoea kutengeneza majokofu, kisha skuta, na ilipoonyesha Isetta mjini Turin mwaka 1953 ilileta kigari chenye umbo la yai, ambacho mlango wake mmoja tu umewekwa puani. Unapoufungua, usukani nao unatoka pamoja na mlango, kwa sababu mhimili wake una kiungo kinachopinda. Unaegesha ukiwa umeelekeza pua kwenye ukingo wa barabara, unafungua, unasimama na kutoka moja kwa moja hadi njia ya waenda kwa miguu. Niambie gari la leo linalokupa hilo.

REHEMA: La leo halinipi hilo, lakini pia halinifungii ndani nikikaribia ukuta.

IDRISA: Ndiyo maana paa lake ni la turubai linalokunjika, dada, hiyo ndiyo njia ya dharura. Nami sitaki tupite haraka kwenye historia, maana ndipo utamu ulipo. BMW ya miaka ya 1950 ilikuwa ikiunda magari makubwa ambayo Wajerumani wengi wa wakati ule hawakuwa na fedha za kuyanunua. Ikachukua leseni kwa Iso, ikatia injini ya pikipiki yake yenyewe, ya silinda moja na sentimita za ujazo 247, yenye nguvu za farasi 12, na kuanzia mwaka 1955 hadi 1962 ikauza Isetta zaidi ya 160,000. Hata hivyo, Desemba 1959 kampuni hiyo ilinusurika kuuzwa kwa Daimler-Benz. Ninapoiona BMW ya bei kubwa ikipita, huwa ninalikumbuka yai lile.

REHEMA: Hapo sina ubishi. Ila Waingereza walilifanya yai lako kuwa kioja. Isetta nyingi zilizoundwa Brighton, ambako kazi hiyo ilianza mwaka 1957, zilipewa gurudumu moja nyuma badala ya mawili, kwa sababu chombo cha magurudumu matatu kilitozwa kodi ndogo, na kama hakikuwa na rivasi, mtu aliweza kukiendesha kwa leseni ya pikipiki. Basi rivasi ikazibwa makusudi! Tena dereva alipohamishiwa kulia, upande ule ule wa injini, kigari kikaelemea huko, ikabidi kitiwe uzito wa chuma upande wa kushoto ili kisimame sawasawa. Kwangu mimi, kifaa kinachohitaji jiwe la mizani hakijakamilika.

IDRISA: Hilo ni kosa la sheria, wala si la kigari. Na wala tusiwacheke sana, kwani sisi tunaopanda bajaji kila siku tunatumia mrithi wa fikra hiyo hiyo. Piaggio ilitoa kigari chake cha mizigo cha magurudumu matatu, Ape, mwaka 1948, na Bajaj ya India ilianza skuta zake kwa leseni ya Piaggio. Usukani wa mpini na injini ya nyuma tunavifahamu vizuri. Haya, tetea ndege yako.

REHEMA: Umeita ndege, na hapo ndipo pa kusahihisha. Watu wengi husimulia kwamba kifuniko cha kioo cha Messerschmitt ni masalio ya ndege za kivita yaliyobaki ghalani. Si kweli. Kampuni ilikuwa imekatazwa kuunda ndege baada ya vita, ikawa na karakana na mafundi wasio na kazi, ndipo mhandisi Fritz Fend akaipelekea wazo lake. Fend alikuwa ameanza mwaka 1948 na kigari cha watu wenye ulemavu kilichoitwa Flitzer, akashangaa kuona wanunuzi wasio na ulemavu nao wanakihitaji. Mwaka 1953 ikatoka KR175, na mwaka 1955 ikafuata KR200, yenye injini ya Sachs ya mipigo miwili na sentimita za ujazo 191. Abiria anakaa nyuma ya dereva, kama kwenye pikipiki, na hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote.

IDRISA: Kukaa mgongoni kwa mwenzako safari nzima bila kuuona uso wake?

REHEMA: Kaka, upana wa gari ndio unaosukuma upepo. Ukiwaketisha watu wawili mmoja nyuma ya mwingine, chombo kinakuwa chembamba, na injini ndogo inatosha. Mwaka 1955, KR200 iliyorekebishwa ilizunguka uwanja wa mbio wa Hockenheim kwa saa 24 mfululizo kwa wastani wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Halafu kuna rivasi yake. Unazima injini, unasukuma ufunguo ndani zaidi, unawasha tena, na safari hii injini inazunguka kinyume. Hii inawezekana kwa sababu injini ya mipigo miwili haina vali za kuizuia. Kwa hiyo unapata gia nne za kwenda mbele na gia zile zile nne za kurudi nyuma.

IDRISA: Mwenye akili timamu hatahitaji gia ya nne ya kurudi nyuma.

REHEMA: Hataihitaji, lakini imepatikana bila kuongeza hata jino moja la gia, na huo ndio ubunifu ninaousifu.

IDRISA: Vyote viwili vilistawi kwa sababu ya petroli. Mgogoro wa Suez wa mwaka 1956 ulipoifanya Uingereza igawe mafuta kwa vibali, kigari kinachotumia kidogo kilionekana kuwa ukombozi. Kisha Mini, gari dogo la Kiingereza, ikaja Agosti 1959 na viti vinne, na soko likaanza kuyeyuka. Lakini, dada, kwa upande wa pikipiki hakuna anayeweza kuishinda Megola.

REHEMA: Hapo tunakubaliana, na ninaomba unipe nafasi nieleze, maana msikilizaji anaweza kudhani tunatania. Megola iliundwa Munich kati ya mwaka 1921 na 1925, na injini yake ya silinda tano iko ndani ya gurudumu la mbele. Silinda zenyewe zinazunguka, kama zilivyozunguka katika baadhi ya ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia, na kila gurudumu likizunguka mara moja, injini inazunguka mara sita. Haina klachi, wala haina giaboksi.

IDRISA: Na ukifika njia panda, gari la mizigo limekufungia njia?

REHEMA: Unazima injini, au unazunguka duara barabarani mpaka njia ipatikane. Kuwasha tena ni kuisukuma huku ukikimbia, au kuiweka kwenye stendi na kulipiga gurudumu teke. Hata mpira wa ndani wa tairi la mbele ulikuwa kama soseji yenye ncha mbili, kwa kuwa usingeweza kuutoa mpira wa duara bila kufungua injini nzima. Pamoja na adha zote hizo, mwendeshaji Toni Bauhofer aliitumia kutwaa ubingwa wa mbio za pikipiki wa Ujerumani mwaka 1924.

IDRISA: Mimi ningeitazama makumbusho, nikaisifu, kisha nikarudi nyumbani kwa Isetta. Chombo cha ajabu ninakipima kwa swali moja: je, kinaweza kwenda sokoni asubuhi na kurudi na kapu la nyanya?

REHEMA: Kwa kipimo hicho KR200 imefaulu, mradi kapu likae mgongoni kwako badala ya abiria. Isetta ya Brighton isiyo na rivasi je, utaitoaje sokoni ikizibwa mbele?

IDRISA: Nitashuka niisukume. Na nikifika nyumbani, dada, pua nitaielekeza barabarani.