Ua Linalokumbuka Kifo Chake

Haya jamani, asanteni kwa kuja na hii mvua yote, najua wengine mmetoka Kondele kwa miguu. Leo nataka tumsome Louise Glück, mshairi wa Marekani aliyepata Nobel 2020 akafariki 2023, na hasa kitabu chake cha 1992, The Wild Iris. Ni bustani tu. Maua yanaongea, mkulima anaomba asubuhi na jioni, na Mungu naye anajibu, saa zingine kwa ukali.

Shairi la kwanza anayeongea ni ua lenyewe, yaani iris, lile la kwenye jina la kitabu, lilifukiwa chini likiwa na fahamu zake, na linatuambia hiyo safari linaikumbuka, sisi ndio tumesahau. Ule mmea mzizi wake ni mnene, umelala kama tangawizi, baridi ikija majani yananyauka lakini mzizi unabaki hapo gizani ukingoja. Kisumu hatuna theluji, lakini si mnajua lile ua jekundu la duara linalochomoza ghafla mvua ya Machi ikianza, bila hata jani, mahali jana palikuwa vumbi tupu? Bomani kwetu moja lilitoka kando ya kaburi la dani, yaani nyanya yangu. Mama alikuwa analima hapo, akalizunguka na jembe polepole, hakuligusa.

Lakini msikimbilie kusema ni kitabu cha faraja. Kuna shairi moja la jioni, mimi ndilo nalipenda kushinda yote, mkulima anamripotia Mungu kwamba nyanya zimemshinda. Mvua imezidi, usiku ni baridi, majani yameingia madoa meusi. Mwenye amewahi kupanda nyanya hapa anaijua hiyo blaiti, ugonjwa wa majani, unalala shamba liko sawa, siku mbili tatu laini nzima imeungua. Sasa anamwambia Mungu, wewe kwako aliyekufa na aliye hai ni sawa, huenda hata hujui tunabeba uoga kiasi gani tukiona jani lenye doa. Yaani ua litarudi, yeye aliyelipanda hana uhakika, na anayasema hayo kwa Mungu mwenyewe bila kujificha.

Ndiyo maana shairi la mwisho hunimaliza. Ni mayungiyungi meupe, na sauti inamtuliza mpenzi anayeogopa, inamwambia si hoja itarudi misimu mingapi, huu mmoja umetosha, kwa sababu ilisikia mikono yake miwili ikiizika. Ikiizika! Nikifika hapo naona mikono ya mama imejaa udongo, na siwezi kuwaambia ni siku ya mazishi ama ya kupanda.