Wavu, Kofia na Makonyo: Stensili Zimejaa Nyumbani

Assalaam alaykum. Kompresa naiona inanguruma, kwa hiyo sitaeleza sana brashi ya hewa, hii inayopuliza rangi kwa upepo wa kompresa, ni kitu gani. Aliyekuja hapa ameshaishika. Nimekuja na neno langu lilelile la siku zote: kabla hujaagiza stensili za plastiki kutoka ng'ambo, vile vibao vya matundu unavyopulizia rangi upate umbo, zunguka nyumba yenu kwanza. Ingia jikoni, toka uani, kisha teremka Malindi, hapa kwetu Unguja, ukawaombe wavuvi kipande cha wavu kilichotupwa.

Najua jawabu mliyonayo mdomoni. "Huo ujanja tu, mchoraji wa kweli huchora kwa mkono." Haya, mpeni huyo wavu, mwambieni aulaze ubaoni, apulize rangi juu yake, atoe samaki pono. Wavu haujui mgongo uko wapi wala tumbo liko wapi, na haujui jua linapiga upande gani. Hayo yote ni kazi yako. Wavu unakuondolea kitu kimoja, kuchora magamba mia tatu yanayolingana, na hata mwenye mkono mzuri akifika la hamsini anaanza kudanganya.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Uzi wa wavu haupaki kitu, uzi unaficha. Rangi iliyo chini ya uzi ndiyo itakayobaki kuwa mstari. Kwa hiyo rangi ya mstari hutangulia! Ukitaka gamba la kijani lenye ukingo wa buluu iliyokoza, paka buluu mwili mzima, iache ikauke, funika wavu, ndipo upulize kijani. Anayeanza na rangi ya fedha kisha akapuliza rangi nzito juu, anapata mistari inayong'ara kila mahali, halafu anauliza kwa nini samaki wake anaonekana bado amenaswa. Si amenaswa kweli? Umeuchora wavu, hukuchora samaki.

Macho ya wavu yaende na ukubwa wa samaki. Pono wa urefu wa mkono anachukua macho ya sentimita 1 hivi. Kwa samaki mdogo, au kwa nyoka, chukua chandarua, kile kilichochanika, si kile anacholalia mtoto. Matundu yake yana pembe sita na yanatoa ngozi nzuri sana. Wavu wa samaki uvute kwa urefu mpaka jicho lilale kama kashata iliyokatwa upande. Ubane kwenye ukingo wa ubao kwa vibanio vya nguo, kila sentimita 4 kibanio. Ukilegea katikati umepoteza kazi.

Rangi ya akriliki izimue iwe nyepesi kama tui la pili. Sindano ya brashi milimita 0.3, presha psi 20 au chini kidogo, mkono sentimita 6 mpaka 8 kutoka ubaoni, na brashi itazame ubao wima. Wima! Ukiilaza, upepo unaisukuma rangi chini ya uzi na ukingo unakuwa na ndevu. Ndevu zina sababu nyingine mbili: presha imezidi, au umemwaga rangi nyingi kwa mkupuo mmoja, ikalowa ikatembea yenyewe. Pita mara nne nyepesi, ungoje ikauke kila baada ya mpito. Anza kupuliza nje ya samaki na umalizie nje ya samaki.

Mtu ataniambia: mbona magamba ya tumboni hayaonekani makali namna hiyo? Ndiyo, ndiyo maana nikasema wavu haujui. Kitu kikigusa ubao, ukingo unakata. Kikiinuka kidogo tu, ukingo unakuwa moshi. Basi upande wa tumbo chomeka njiti za kiberiti chini ya wavu, uinuke kiasi cha milimita 2. Mgongoni uache ulale. Samaki atageuka mviringo mbele ya macho yako na hujashika brashi ya mkono.

Bado. Ikishakauka, sogeza wavu robo ya jicho kuelekea mkiani, puliza kahawia iliyozimuliwa sana, mara moja tu. Kando ya kila mstari wa giza unabaki uzi mwembamba wa mwanga, na gamba linanyanyuka. Ukipita mara mbili umelizika.

Naambiwa muda unakwenda. Kofia ya kiua, ile ya vitundu, haraka. Ile chakavu, si ya kuendea Ijumaa. Ikate kile kifuniko cha juu, kwa sababu ni bapa. Ukuta wake uliopinda utakusumbua. Kitambaa kinanywa rangi na vitundu vinaziba, kwa hiyo kipake vanishi nyepesi pande mbili, kisha pitisha sindano ya kushonea kwenye kila kiua kabla haijakauka. Presha ishuke mpaka psi 15. Inatoa viua vidogo vidogo ambavyo hakuna plastiki inayovitoa hivyo. Pazia la lesi hali kadhalika, na halihitaji taabu yote hiyo.

Ungo, kawa, kifumbu: acheni. Vimesukwa vikabana, hewa haina pa kupita. Chujio la chai limepinda na linaziba kwa mpulizo wa tatu.

Majani ya mpapai yalazwe usiku mmoja chini ya kitu kizito, yakiwa mabichi yanajikunja. Makonyo ya karafuu, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, wenzetu wa Pemba mnayo tele, yanatoa vitawi vizuri, lakini yanaruka. Laza ubao chini, inua mkono mpaka sentimita 20, psi 10, puliza kutoka juu moja kwa moja. Bado yanaruka? Gundi ya karatasi, tone moja.

Masika kompresa inakusanya maji. Fungua koki ya chini ya tangi kila saa, la sivyo brashi itatema matone katikati ya kazi. Na kwa rangi za magari, zile za kuchanganya na kikazio, kanga puani haizuii kitu. Hizo zinataka barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba; vichujio na dirisha wazi havitoshi.

Nani ana wavu? Leta hapa. Huo una mafuta ya samaki bado, kaufue kwa sabuni kwanza, rangi haitashika.