Pale Kompyuta Inapokwama: Kusoma Ishara za POST

Ndugu mafundi, wanafunzi, na ninyi mliokuja kwa sababu tu mna kompyuta inayowasumbua, karibuni sana.

Leo nazungumzia muda mfupi mno: ule unaopita kati ya kubonyeza swichi na kuona kitu kwenye skrini. Katika muda huo kompyuta hujikagua yenyewe. Ukaguzi huo unaitwa POST (Power-On Self-Test), na maelekezo yake yamo ndani ya BIOS, ile programu ya kuwashia iliyohifadhiwa kwenye mazabodi, yaani bodi kuu; kwa mashine za siku hizi huitwa UEFI. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa nao, na mashine tunazofungua leo zinao. Ombi langu kwenu ni moja. Mkisikia mlio au mkiona taa, jiulizeni kwanza: ukaguzi umekwama hatua gani? Ishara hujibu swali hilo tu. Kifaa kipi kimeharibika ni swali la pili, na jibu lake tunalitafuta kwa mikono yetu. Fundi anayeyachanganya maswali haya humnunulisha mteja RAM mpya, yaani vijiti vya kumbukumbu, ilhali ile ya zamani ni nzima kabisa.

Tuanze na umeme. Pawa saplai ya ATX, aina ya kawaida ya kompyuta za mezani, ikiwashwa huzipima volti zake: 12, 5 na 3.3. Zikitulia ndani ya kiwango, yaani asilimia 5 juu au chini, hutuma taarifa kwa mazabodi kupitia waya wa kijivu kwamba umeme uko sawa. Taarifa hiyo hucheleweshwa kwa makusudi, kati ya milisekunde 100 na 500, na kabla taarifa haijafika, prosesa huzuiwa isianze kazi. Sasa zingatieni jambo hili: feni hutumia volti 12 tu. Volti 3.3 ikiwa imeshuka, feni zitazunguka vizuri na prosesa haitaamka. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Pawa saplai ni nzima, feni si zinazunguka?", chukua mita upime.

Prosesa ikiruhusiwa, huenda moja kwa moja kwenye anwani maalumu ambako BIOS huanzia. Hujikagua, huhakiki kwamba BIOS haijaharibika kwa kujumlisha baiti zake, huangalia taima, yaani saa yake ya ndani, hujaribu sehemu ya kwanza ya RAM na kidhibiti cha kibodi, halafu ndipo hufika kwenye video, yaani sehemu inayopeleka picha kwenye skrini. Mpangilio hutofautiana kidogo kati ya mashine na mashine, lakini video huja nyuma ya RAM. Hitilafu ikitokea kabla ya hapo, skrini haina uwezo wa kuandika hata herufi moja. Spika ndogo ndiyo inayoweza kusema, maana haihitaji chochote isipokuwa taima na mazabodi. Ndiyo sababu tunahesabu milio.

Kuhusu milio yenyewe, nawasihi msikariri jedwali moja mkadhani limetosha. Kila mtengenezaji wa BIOS, kama Award, AMI na Phoenix, ana milio yake. Kwenye IBM za mwanzo na BIOS za Award, mlio mmoja mfupi ulimaanisha ukaguzi umepita salama, na mmoja mrefu ukifuatwa na mifupi miwili ulielekeza kwenye video. Kwenye majedwali ya kawaida ya AMI, ambako huhesabiwa milio mifupi, mmoja hadi mitatu ni matatizo ya RAM, mitano ni prosesa, minane ni kumbukumbu ya video, tisa ni BIOS yenyewe. Phoenix hupanga milio kwa makundi yenye vituo katikati, kama moja, moja, nne, yaani BIOS imeshindwa uhakiki. Kwa hiyo mlio mmoja mfupi, skrini ikiwa nyeusi, unaweza kukupeleka njia mbili tofauti kabisa. Tafuta jina la BIOS na kitabu cha mazabodi hiyo kabla hujagusa bisibisi.

RAM nataka tuikalie zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu hupotea. Mashine inalalamika RAM. Umebadilisha vijiti, bado inalalamika. Kumbukeni kwamba kidhibiti cha RAM siku hizi kimo ndani ya prosesa: AMD walikihamishia humo kwenye Athlon 64 mwaka 2003, na Intel wakafanya hivyo kwenye Core i7 mwaka 2008. Maana yake, pini moja iliyopinda kwenye soketi ya prosesa, au kipoozeo kilichokazwa upande mmoja kuliko mwingine, huweza kuzaa ishara ileile ya RAM. Ukaguzi umekwama kwenye RAM, ni kweli. Chanzo kiko kwenye soketi.

Kuna jaribio ninalolipenda kuliko yote, na halihitaji kifaa cha kununua, ilimradi mazabodi iwe na spika au taa za ukaguzi. Chomoa waya wa umeme, toa vijiti vyote vya RAM, rudisha waya, washa tena. Mashine ikilalamika, shukuru: prosesa inafanya kazi, BIOS inasomeka, umeme unafika. Sasa rudisha kijiti kimoja, kwenye sloti iliyotajwa na kitabu, kisha ujaribu kimoja kimoja. Isipolalamika kabisa, acha RAM kwanza. Angalia plagi ya prosesa yenye pini 4 au 8 iliyo juu ya mazabodi, kwani husahaulika mno. Angalia kama toleo la BIOS linaitambua prosesa hiyo. Toa kadi na diski zote, maana kifaa kimoja kilichopiga shoti kinaweza kuzima mashine nzima. Pawa saplai yenyewe msiifungue: kapasita zake hubaki na umeme hata waya ukiwa umechomolewa.

Anayetaka usahihi zaidi atumie kadi ya POST. Hiyo ni kadi ndogo ya kuchomeka kwenye mazabodi. BIOS huandika namba ya kila hatua kwenye poti 80, yaani anwani maalumu ya kupitishia namba hizo, na kadi huionyesha kwa tarakimu mbili za heksadesimali (0 hadi 9, kisha A hadi F), kuanzia 00 hadi FF. Mashine ikiganda, namba ya mwisho hubaki pale. Mazabodi nyingi mpya zina onyesho hilo tayari, au taa nne za prosesa, RAM, video na diski. Taa ya RAM ikiwaka kwenye mashine mpya yenye RAM ya aina ya DDR5, subirini kabla ya kuogopa: mara ya kwanza huweza kuchukua dakika kadhaa ikijipatanisha na vijiti vyake, na anayezima katikati huianzisha upya kazi hiyo.

Laptopu nyingi hazina mlio, hupepesa taa ya chaji au ya kibodi. Hesabuni mipepeso na rangi zake, mrekodi kwa simu mara mbili ili hesabu isipotee.

Na mkisikia ishara ya usalama, skrini ikawaka, halafu ikaandika kwamba hakuna diski ya kuanzia, hapo POST imemaliza kazi yake. Rudisheni RAM na kadi mahali pake, mwende kwenye diski, nyaya zake na mpangilio wa kuanzia.