Duka Lako Kesho Likifunguliwa na Mwingine

Mhadhara kwa wajasiriamali wadogo, Morogoro

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja kunisikiliza. Wengi wenu leo mmefunga duka kabisa, hamkumwachia mtu. Kwa saa mbili si neno. Je, zingekuwa wiki sita?

Najua tukianza kuongea ugonjwa na kifo wapo watakaosema huu ni uchuro. Lakini tazameni tunavyofanya msiba unapoingia mtaani. Muda si muda mwenyekiti wa kamati amepatikana, mweka hazina ana daftari la michango, vijana wamekwenda kukodi turubai na viti, akina mama wako jikoni. Utaratibu tunao, tena mzuri. Ila duka la marehemu, au la mama aliyelazwa, linabaki na kufuli, na hakuna ajuaye nani anadai na nani anadaiwa. Utaratibu ule ule wa msibani nataka tuupeleke dukani, wenyewe tukiwa wazima.

Chukueni fundi cherehani mwenye wasichana wawili wa kumsaidia. Mama yake mzazi anaugua ghafla huko Mbeya, fundi anapanda basi la alfajiri. Saa nne mteja anakuja kufuata gauni lake la sendofu ya Jumamosi. Daftari linafunguliwa. Limeandikwa: "Dada wa benki, KF 38, KN 32, lesi ya bluu," yaani kifua 38, kiuno 32. Lesi za bluu ziko mbili pale kwenye rafu. Dada wa benki ni yupi? Ametoa kianzio kiasi gani? Bega linashuka au linabana? Wale wasichana kushona wanajua. Wasichojua ni kazi ipi ya nani na imepatanwa vipi, maana hayo yote fundi ameondoka nayo kichwani. Simu inapigwa, fundi yuko wodini, haipokelewi. Mteja anachukua kitambaa chake anakwenda kwingine, na mashoga zake anawasimulia.

Daftari hilo lingeandikwa jina kamili, namba ya simu, vipimo vyote, tarehe ya kuchukua, kianzio na baki, kisha kipande cha lesi kikabanwa kwa pini pembeni ya ukurasa, gauni lingetoka Ijumaa jioni bila fundi kuwepo.

Mwenye duka la rejareja, wewe daftari lako ni la madeni. Mteja aliyekopa sukari na unga kwako, wewe usipokuwepo mwema atalipa, na mwingine ataapa alishakupa mkononi. Andika, naye aweke sahihi. Jioni piga picha ukurasa wa siku hiyo umtumie mtu wa nyumbani. Soko la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na moto ukiingia sokoni huchoma mzigo pamoja na karatasi zake. Hata mwenye bima atatakiwa aonyeshe alikuwa na mzigo gani. Na hapo niwaambie jambo ambalo wapangaji wengi hawalifahamu: bima ya jengo aliyokata mwenye nyumba kwa kawaida inalinda jengo lake. Mzigo uliomo ndani ya fremu, yaani chumba cha duka ulichopanga, ni wako, unahitaji bima yake.

Tuje kwenye fedha. Ukimpa msaidizi namba ya siri ya simu yako, umempa na akiba yako, na mikopo ya simu inayotoka kwa jina lako. Usifanye hivyo. Fungua lipa namba ya biashara, mauzo yaingie huko, na umwachie msaidizi kiasi cha manunuzi kinachojulikana. Wengine mnasema, "Nikimfundisha kila kitu ataniibia au atafungua lake." Hofu hiyo ina sababu zake, siipuuzi. Lakini wizi hukomeshwa kwa kuhesabu mzigo: mhesabu pamoja unapoondoka, mhesabu pamoja unaporudi, wote mtie sahihi. Kumficha mtu bei za jumla na simu ya msambazaji hakumzuii mwizi, kunaiua tu biashara siku usipokuwepo.

Na kuwe na mfuko wa biashara yenyewe. Mlio kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, mnaujua mfuko wa jamii, ule wa ugonjwa na misiba. Huo unakusaidia wewe na familia, haukulipii pango. Tuseme fremu ni shilingi 150,000 kwa mwezi, msaidizi 120,000, umeme, ulinzi na taka 30,000. Jumla 300,000. Ukiweka 3,000 kila siku ya kazi, siku 26 kwa mwezi, katika miezi minane una 624,000. Hiyo ni miezi miwili ya kupumua.

Dada zangu, kwenu hili ni zito zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mwenye genge la mboga likizo hiyo anajilipa mwenyewe. Ila mimba inakupa taarifa miezi kadhaa kabla. Itumie miezi hiyo.

Kuhusu kifo nasema wazi. Ukisajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, bado biashara ni wewe, madeni yake ni yako. Mtu uliyemwandikia hati ya kukuwakilisha, mamlaka yake yanakoma ukifa. Kuanzia hapo anayetambulika ni msimamizi wa mirathi, na kutoa fedha kwenye simu ya marehemu eti kwa kuwa namba ya siri unaijua huzaa kesi ndani ya familia. Andika wosia, na mwenzi wako ajue leseni, TIN (namba ya mlipakodi) na mkataba wa fremu viko wapi.

Sasa nawapa kazi. Chagueni siku moja katikati ya wiki, msaidizi afungue, auze, apokee mzigo, afunge. Wewe kaa nyumbani, usiende hata kuchungulia. Kila swali atakalokupigia simu liandike, kisha jibu lake liingie daftarini jioni hiyo hiyo. Baada ya mwezi rudia kwa siku mbili, na safari hiyo simu izime.

Naona mikono imeshainuka. Tuanze na mama pale nyuma.