Hajamaliza Shule, Amemaliza Darasa la Saba

Mazungumzo ya mwalimu mstaafu, mjumbe wa kamati ya shule, kwenye mkutano wa wazazi wa mwezi wa kumi, kijiji kimoja cha kando ya barabara kuu, wilayani Kilolo, mkoani Iringa. Yameandikwa kama yalivyotolewa.

Kamwene wazazi! Hapo nyuma mmelala. Kamwene tena! Haya, sasa nimesikia.

Mheshimiwa diwani, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa kijiji, mwalimu mkuu na walimu wako, itifaki imezingatiwa. Nimepewa dakika ishirini nizungumzie mafanikio ya muhula na ratiba ya kufunga mwaka. Mwalimu mkuu kaniandikia karatasi kwa mkono wake mwenyewe, na mwishoni kapiga mstari mara mbili chini ya maneno "tafadhali usitoke nje ya mada". Ananijua. (Kicheko.)

Nianze kama nilivyotumwa. Wasichana wetu wa netiboli walifika ngazi ya wilaya kwenye Umitashumta, ile michezo ya shule za msingi, mwezi wa sita, na wawili wakachukuliwa timu ya wilaya. Viatu waliazimana, mnajua. Mmoja alicheza nusu fainali na raba za kaka yake, mbele kajaza gazeti. Tuwapigie makofi. Makofi ya watu walioshiba, jamani!

Uji. Tangu mlipoleta yale mahindi baada ya mavuno, kila saa nne watoto wanakunywa uji, na walimu wanasema wale wa darasa la pili waliokuwa wanasinzia baada ya mapumziko siku hizi wanasumbua. Ni dalili nzuri. Mtoto anayesumbua ana nguvu. Mkoa wetu unalisha miji, lakini utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto wetu walio chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 56.9, tukaongoza nchi nzima, wakati taifa lilikuwa asilimia 30. Malori ya mahindi yanashuka mlima Kitonga kila siku, na sisi ndio wa kwanza kwa kudumaa! Lakini hilo lina siku yake. Ambao hawajaleta debe lao wanajijua, na mimi nawajua.

Darasa la saba: waliosajiliwa wote walifanya mtihani Septemba. Hakuna hata mmoja aliyekosa. Mwaka jana walikosa, msiniulize walikuwa wapi, tulikuwa tunawaona kwenye mashamba ya nyanya. Mwaka huu wote. Kwa hilo nawashukuru wazazi kwa dhati.

Hapa karatasi ya mwalimu mkuu inasema niende kwenye mahafali. Naiweka chini kidogo.

Tangu mtihani uishe nimesalimiana na wazazi wengi njiani. Nauliza, mtoto hajambo? Najibiwa, hajambo mwalimu, kamaliza shule. Nauliza wa pili, kamaliza shule. Kanisani, kamaliza shule. Kwa muuza mbolea, kamaliza shule. Jamani, nani kawaambia? Hajamaliza shule, amemaliza darasa la saba. Shule ina vidato mbele. Mtu akifika Mikumi hasemi amefika Dar.

Na neno hili si mchezo, ndilo linalotuponza. Mtihani ni Septemba. Majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza yanatoka Desemba. Shule zinafunguliwa Januari. Hesabuni wenyewe: karibu miezi minne mtoto hana sare, hana kengele, hana mwalimu anayeita jina lake asubuhi. Kwa miaka yangu yote ya kazi, watoto niliowapoteza darasani ni wachache kuliko niliowapoteza kwenye hiyo miezi minne.

Nina kisa. Najua wengine mmekisikia. Mwenyekiti wa kijiji anakisikia kwa mara ya tano, akitaka atoke nje anyooshe miguu, sitamnunia.

Nilikuwa nafundisha shule nyingine, si hapa, na sitaitaja. Nilikuwa na binti wa darasa la saba ambaye mwandiko wake ungedhani umepigwa chapa. Siku ya mahafali akaja mama mmoja kutoka mjini, kitenge kipya, nywele zimetengenezwa, akajitambulisha kuwa ni shangazi upande wa baba. Na sisi huku mtu akishasema ni shangazi, nani atamuuliza kitambulisho? Akamvisha mtoto taji la maua ya karatasi. Akambandika noti ya elfu tano kwenye sweta kwa pini. Akapiga vigelegele kumzidi mama mzazi. Mimi mwenyewe, mwalimu niliyesoma, nikasema moyoni, huyu mtoto ana bahati ya ndugu.

Baada ya wiki mbili mtoto hayupo. Alibeba mfuko wa shangazi kaja, ule wa miraba, na nilichoambiwa na mama yake kwamba kilikuwamo ni sketi mbili, kandambili, kanga ya bibi yake na lile taji la maua. Taji alilibeba! Alidhani huko aendako litahitajika.

Desemba majina yakaja. Nikayabandika mlangoni mwa ofisi, nikapitisha kidole, nikalikuta la kwake. Nikaenda kwao kwa miguu, kilima juu kilima chini, nikamkuta mama yake barazani anapukuchua mahindi kwa mkono. Nikasema, mama, hongera, binti kachaguliwa. Hakuinua kichwa. Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha, akalitupa, akachukua jingine. Ndipo akasema, "Mwalimu, kwani si alishamaliza shule?"

Hakuwa mama mbaya. Nataka mlielewe hilo. Aliamini alichokisema, kwa sababu na sisi walimu siku ya mahafali tulipanda jukwaani tukatangaza kwenye kipaza sauti, "Leo wanetu wanamaliza shule." Maneno yalikuwa yetu.

Tukatafuta namba. Akapokea mama mwingine, si yule shangazi, sauti ya mtu mwenye haraka. Namuulizia binti kwa jina lake, hamjui. Nikaeleza, eeh, yule binti kutoka Iringa. "Aah, dada! Dada anafua." Jina la mtoto lilibaki huku, kwenye rejista yangu.

Alirudi mwezi wa nne. Vidole vimechubuka kwa sabuni ya unga. Mshahara wa miezi yote aliambiwa anawekewa, alipotaka kuondoka akaambiwa umeishia kwenye nauli na chakula. Mkuu wa sekondari alimpokea, nami namshukuru mpaka leo, lakini zile wiki za mwanzo za kuwavusha watoto kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza zilikuwa zimeshapita. Wenzake wanajibu maswali ya baiolojia, yeye bado anatafuta swali linasema nini. Alifika kidato cha pili akaacha. Mwandiko ule!

Najua kuna baba hapo anasema kimoyomoyo, mwalimu huyu naye, mbona wapo waliokwenda wakafanikiwa? Ni kweli. Sibishi. Nyumba ya bati jekundu pale karibu na mashine ya kusaga ilijengwa na binti aliyekwenda kufanya kazi za ndani. Namheshimu. Lakini baba, umeiona nyumba moja kwa sababu ina bati jekundu. Wale ambao hawakujenga utawaonaje? Na huyo alikwenda akiwa mtu mzima. Sisi tunazungumzia mtoto wa miaka 13. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema chini ya miaka 14 haajiriwi, na hata huyo wa 14 ni kazi nyepesi isiyomzuia kusoma. Kulea watoto watatu wa mtu, kufua, kupika na kulala wa mwisho, hiyo ndiyo kazi nyepesi? Mpe baba yake aifanye wiki moja. (Kicheko, vigelegele upande wa akina mama.)

Mwingine anasema, akikaa nyumbani bila kazi atapata mimba. Hofu hiyo naielewa, nimelea mabinti. Lakini mama, unamwondoa machoni pako unampeleka nyumba usiyoijua, kwa mwanaume usiyemjua, umbali wa siku nzima ya basi, ili asipate mimba? Na ikitokea, ikatokea kweli, mlango haujafungwa: Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 unamruhusu kurudi shule. Mjue na hilo.

Na wavulana msicheke, nawaona. Huyu anapelekwa Mufindi kugema utomvu wa misonobari, yule anapakia mbao, mwingine anapewa bodaboda ya mjomba. Januari ukimwambia avae kaptula arudi darasani anakuona mshamba. Ameshashika elfu kumi yake mkononi.

Zamani nilikuwa na mbinu yangu. Alfajiri nilikuwa nasimama pale barabarani na tochi, nahesabu ni mtoto wa nani anapanda basi. Madereva wakanizoea, wakaniita trafiki. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, trafiki huyu kashindwa. Basi linapita saa saba usiku, mtoto anapanda, sisi tunakoroma. Kwa hiyo ulinzi haupo tena barabarani. Umerudi kwenu.

Kuna la gharama. Ada ya sekondari za serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa kutwa, ikafutwa 2016. Nakubali, sare, madaftari, godoro la bweni na ile fomu ya kujiunga yenye orodha kama ya harusi, vyote vinataka hela. Lakini mwaka jana nilikaa kwenye mahafali yetu nikahesabu. Muziki wa kukodi. Fulana za kuchapwa. Keki yenye umbo la kitabu. Mtoto anakata kitabu kwa kisu sisi tunapiga makofi! Pilau sina ugomvi nalo, pilau lina maana. Ila ile hela ya fulana peke yake ni sketi mbili za kidato cha kwanza. Fulana imeandikwa "Wahitimu", anaivaa siku ile, baadaye inakwenda nayo kwenye mfuko wa shangazi kaja.

Mtu aliniuliza juzi, mwalimu, tutakuwa shule ya ngapi kiwilaya? Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora tangu Januari 2023, nami nilishangilia peke yangu mbele ya redio. Hesabu yangu ni nyingine. Nataka kujua kati ya watakaochaguliwa Desemba, wangapi wataingia geti la sekondari Januari. Hiyo ndiyo nafasi yetu kiwilaya. Ikitoka, niiteni nije nicheze.

Kwa hiyo kuanzia Jumanne ijayo, mimi na mwalimu mstaafu mwenzangu tutakuwa darasa lile la mwisho, Jumanne na Alhamisi, saa mbili mpaka saa sita. Kiingereza na hesabu kwa waliofanya mtihani. Bure. Mjini wanalipia masomo haya ya kujiandaa na kidato cha kwanza, ninyi mnaletewa na bibi mwenye chaki zake. Mtoto aje na daftari na kikombe, uji upo. Mvua zikianza mtasema ni wakati wa kupanda. Sawa, siku tatu apande, siku mbili mnipe mimi.

Mwalimu mkuu ananionyesha saa. Haya, haraka haraka.

Darasa la nne wana upimaji wao wa kitaifa mwezi huu, waacheni walale mapema, msiwatume dukani usiku. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza umefunguliwa, awali miaka mitano, la kwanza sita, njooni na cheti cha kuzaliwa, asiye nacho aonane na mtendaji leo leo maana yupo hapa na hana pa kukimbilia. Vyoo vya wasichana: kiwango ni tundu moja kwa wasichana ishirini, sisi hatujafika, fundi anadai mchanga. Miche ya parachichi atawaeleza mwalimu wa mazingira, mimi nataka kusema tu kwamba kuna mbuzi wa mtu anaijua shule hii kuliko wanafunzi.

Ah, na 2027. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi inakuwa miaka sita, kwa hiyo mwaka huo darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Madarasa mawili kwa mpigo. Miezi yangu minne itakuwa na watoto mara mbili. Hilo nilitaka kulizungumza kwa kirefu lakini naona diwani keshashika kofia.

Mahafali ni Ijumaa ya wiki ijayo, saa nne asubuhi. Kamati imekubaliana mambo mawili. La kwanza, mshereheshaji hatatamka "wanamaliza shule". Akitamka, nazima kipaza sauti mwenyewe, swichi naijua ilipo. La pili, getini kutakuwa na daftari. Kila shangazi, mjomba na mama mdogo atakayekuja anaandika jina, anakotoka, namba ya simu, na mtoto gani amemfuata. Wa kweli hatakasirika.

Na daftari la pili liko hapa mezani sasa hivi. Kila mzazi mwenye mtoto wa darasa la saba aandike mtoto atakuwa wapi mpaka Januari na kwa nani, kisha aweke sahihi au dole gumba. Pangeni foleni, akina mama wenye watoto mgongoni watangulie. Kalamu ni moja na ni yangu, naomba nirudishiwe.