Masika ya Theluji: Siku Kumi na Dubu na Mbwa Mwitu wa Yellowstone

(Mhadhara kwa waongoza watalii na wanafunzi wa utalii, Arusha. Umeandikwa kama ulivyotolewa.)

Shikamooni wazee wangu wa kazi. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa niwasimulie safari yangu ya Marekani, nami nitaanza na aibu, maana najua binamu yangu ameshaisambaza kwenye simu zenu. Asubuhi ya kwanza katika bonde la Lamar, ndani ya hifadhi ya Yellowstone, nilimtazama dubu kwa dakika ishirini nzima. Nilimwona anainama, nikaona mgongo unacheza, nikaanza kuhesabu watoto. Mama mmoja wa pale, mtu wa miaka sabini na ushei, akaomba kuchungulia kwenye darubini yangu, akanirudishia kwa upole. Akaniambia lile jiwe wanalijua, kila mgeni humwona dubu palepale. Mimi huyu, miaka kumi na sita Serengeti! Niliyewacheka wageni wangapi waliompiga picha chui ambaye ni gogo la mkuyu?

Basi tuanze na maneno, kwa sababu yanachanganya. Dubu neno tunalo, tumelipata kwa Waarabu, ila mnyama mwenyewe hatuna. Dubu wa mwisho wa Afrika walikuwa milima ya Atlas, kule Moroko na Algeria, wakaisha karne ya 19. Mbwa mwitu ndiye tatizo. Ukilitaja jina hilo hapa ukumbini kila mmoja anamuona yule wetu wa madoa, masikio ya duara kama visosi. Ukilitaja kanisani, mchungaji anamuona yule aliyevaa ngozi ya kondoo. Ni wanyama wawili tofauti kabisa, na wa mchungaji ni mkubwa: dume lake hufika kilo hamsini, mara mbili ya huyu wetu. Leo nikisema mbwa mwitu namaanisha wa mchungaji. (Kicheko.)

Tena msidhani ukoo wa mchungaji haupo kwetu. Yule bweha dhahabu mnayempita kila siku kule uwandani, mkimtafuta simba, mwaka 2015 wanasayansi walipima vinasaba vyake wakakuta si ndugu wa karibu wa bweha wa Asia aliyefanana naye. Yuko karibu zaidi na mbwa mwitu. Wageni wangapi tumewapitisha pale bila hata kupunguza mwendo?

Sasa Yellowstone. Ilitangazwa Machi 1872, na huhesabiwa hifadhi ya taifa ya kwanza duniani. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 9,000, yaani Serengeti inaizidi kwa mbali. Sehemu kubwa iko jimbo la Wyoming, kingo zake zinaingia Montana na Idaho. Watu wengi wanaifuata kwa chemchemi za maji ya moto, nami sikatai, ni za kuonwa. Lakini wageni wa chemchemi huja Julai. Wa dubu na mbwa mwitu huja Aprili na Mei, wakati barabara nyingi ndiyo kwanza zinafunguliwa baada ya theluji. Barabara moja tu ya magari haifungwi mwaka mzima, ile ya kaskazini kutoka Gardiner kwenda Cooke City, nayo inapita katikati ya Lamar.

Majira hayo wanayaita machipuko. Mimi niliyaita masika, kwa sababu ndiyo yaliyonijia: matope, mito imefura, nyasi changa, kila kitu kinazaa, na hoteli bei chee. Tofauti ni baridi. Saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, nyuzi sita chini ya sifuri, katikati ya Mei! Lile koti langu la kupandia Ngorongoro lilikuwa kama kanga.

Kwa nini machipuko? Kwanza, dubu ameamka na ana njaa. Amelala shimoni miezi mitano hivi, hali, hanywi, hajisaidii haja ndogo wala kubwa. Madume hutoka kuanzia Machi. Mama mwenye watoto wachanga ndiye wa mwisho, mwisho wa Aprili au Mei. Na uzazi wao, ndugu zangu, sijasikia kitu kama hicho kwa wanyama wetu. Jike hupandwa kuanzia Mei mpaka Julai, lakini mimba haishiki. Inaelea tu tumboni miezi yote hiyo, mwili unasubiri hesabu ya mafuta. Ikifika Novemba, akiwa amenenepa vya kutosha, ndipo inajishikiza. Akiwa amekonda, inapotea kimyakimya. Watoto huzaliwa Januari au Februari humohumo shimoni, kila mmoja nusu kilo hivi, macho yamefumba, na mama yuko nusu usingizini.

Pili, kuna mizoga. Baisani, ambao ni ndugu wa nyati, na elki, wale kama swala wakubwa wenye pembe za matawi, wengine hawamalizi baridi. Theluji ikiyeyuka inawafunua. Hiyo ndiyo bucha ya dubu mwezi wa nne na wa tano. Mwisho wa Mei elki wanazaa, basi anahamia kwenye ndama. Siku nyingine anakula majani tu kama ng'ombe, na mgeni anasikitika.

Kuna dubu wa aina mbili pale, grizli na dubu mweusi, na hapa rangi ni mwongo. Dubu mweusi anaweza kuwa wa kahawia kabisa. Usitazame rangi, tazama bega: grizli ana kinundu kama cha ng'ombe wa kwetu, uso umebonyea, kucha ndefu zinaonekana hata kwa darubini ukiwa mbali.

Siku ya nne ndiyo niliyoiendea. Mzoga wa baisani ulikuwa ukingoni mwa mto Lamar, ng'ambo, karibu kilomita moja kutoka tuliposimama. Juu yake amelala grizli dume. Hali kitu. Amelala kifudifudi, mikono imekumbatia, kama mtu aliyelalia gunia la mahindi sokoni asiibiwe. Tumbo limejaa na bado hataki mtu. Mbwa mwitu watano wamekaa kumzunguka, wawili weusi, watatu kijivu, kwa adabu kabisa. Kunguru wakubwa weusi wamejaa kama nzi. Saa nzima hakuna kilichotokea, na hakuna aliyeondoka barabarani. Kisha jike mmoja wa kijivu akainuka, akajinyoosha, akazunguka kwa nyuma polepole, akamng'ata dubu kalio. Akaruka pembeni. Dubu akageuka kwa ghadhabu, akakimbia hatua kama kumi, na hapohapo wale wengine wanne wakawa wameshachana vipande upande wa pili. Dubu akarudi, wakatawanyika. Akalala tena. Baada ya dakika kumi jike yuleyule akainuka. Walicheza mchezo huo mara sita. Mara ya sita nadhani dubu alikuwa ameshakata tamaa, maana alipigwa kalio akageuza kichwa tu.

Fisi na simba, mtasema. Ndiyo, nami nilisema hivyohivyo, kwa sauti, kwa Kiswahili, watu wakanigeukia.

Lakini swali langu lilikuwa jingine: walijuaje? Tulifika pale gizani na tayari watu ishirini wamefunga darubini zao kubwa za jicho moja kwenye miguu mitatu. Nikamuuliza yule mama wa jiwe. Akanionyesha angani. Jana yake jioni aliona kunguru wanashuka sehemu moja, wawili wawili, hawarudi. Akaniambia pia hatafuti mbwa mwitu, anatafuta elki waliosimama wote wakitazama upande mmoja. Nikacheka. Mimi nimewafundisha vijana humu ndani kutafuta swala pala waliokaza shingo, na tumbusi wanaoshuka bila kurudi. Kazi ni ileile, herufi tu zimebadilika.

Kilichobadilika hasa ni miguu. Serengeti mtu hashuki. Pale unashuka, unasimama kwenye udongo, na dubu yuko bonde hilohilo! Siku mbili za kwanza nilisimama mlango wa gari ukiwa wazi, mkono kwenye kitasa. Sheria yao ni mita 91 kutoka kwa dubu au mbwa mwitu, na mita 23 kutoka kwa baisani na elki. Mnyama akikusogelea, wewe ndiye unayerudi nyuma. Kila anayetembea porini anahimizwa kubeba kopo la dawa ya pilipili kiunoni, ya kumpulizia dubu usoni, si ya kujipaka kama ya mbu. Na mbwa mwitu, huyu anayewatisha watoto wetu kwenye hadithi, tangu arudishwe hajamuua mtu hata mmoja mle hifadhini.

Nimesema arudishwe. Hapa nataka mnisikilize vizuri. Kati ya 1914 na 1926 waliuawa mle ndani mbwa mwitu wasiopungua 136. Hawakuuawa na majangili, ulikuwa mpango wa serikali, askari wa hifadhi wenyewe wakishiriki, kwa imani kwamba wanawalinda elki. Wakaisha. Miaka karibu sabini bonde hilo halikusikia sauti yao. Januari 1995 wakaletwa 14 kutoka Alberta, Kanada, wakawekwa kwenye mazizi ya waya wiki kumi hivi wazoee, wakafunguliwa Machi. Mwaka uliofuata wakaletwa 17 kutoka British Columbia. Jumla 31. Sasa wako karibu mia moja, wanapanda wanashuka. Sisi nasi tuna yetu ya kusimulia: mbwa mwitu wa madoa walitoweka uwanda wa Serengeti mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kutoka Loliondo. Wazee hapa mbele mnakumbuka miaka ile ya katikati. Mgeni akiuliza, tunabadilisha mazungumzo.

Mtasikia pia kwamba mbwa mwitu waliporudi mito ilibadili njia, miti ikaota, nchi ikapona. Hadithi tamu, wageni wanaipenda. Msiiuze hivyo nzima nzima. Elki wa kaskazini walikuwa karibu 19,000 mwaka 1994, wakashuka chini ya 4,000 kufika 2013, hilo kweli. Lakini miaka hiyohiyo dubu waliongezeka, wawindaji nje ya mipaka walikuwa wanawapiga elki hao, na ukame ulikuwepo. Wanasayansi wenyewe bado wanabishana. Mwongozaji mzuri anaweza kusema kwamba jambo lina ubishi, na mgeni asipunguze bahashishi.

Hifadhi haina uzio, na mbwa mwitu hasomi ramani. Kulikuwa na jike mmoja, alizaliwa 2006, watazamaji wakamwita kwa mwaka wake, Sifuri-Sita. Alivalishwa kola, namba 832. Watu walivuka bahari kuja kumwona. Desemba 2012 alitoka nje ya mpaka, upande wa Wyoming, akapigwa risasi na mwindaji mwenye kibali, kihalali kabisa. Msimu wa 2021 kuingia 2022 waliuawa hivyo zaidi ya ishirini waliokuwa na makazi yao hifadhini. Niliwauliza wenyeji wa mji wa mpakani. Mwenye nyumba ya wageni alisikitika, mfugaji hakusikitika. Ningeweza kuwa niko Loliondo au Simanjiro.

Dubu nao wana historia ya kututosha. Zamani walilishwa. Watu waliketi kwenye mabenchi jioni kutazama grizli wakila takataka za hotelini, na dubu weusi waliomba mikate kwenye madirisha ya magari, kama nyani wetu wa barabarani. Majalala yakafungwa, la mwisho mwaka 1970. Dubu waliozoea mlo huo wakaingia kambini, wakaleta balaa, wengi wakauawa. Kufika 1975 grizli wa Yellowstone na misitu inayoizunguka walikadiriwa 136. Leo ni karibu elfu moja. Kwa hiyo ukitupa ganda la ndizi dirishani pale, askari anakuja mbio kuliko ambulensi.

Nawaambia haya na mimi nina deni. Mwaka mmoja, sitautaja, nilikuwa mmoja wa magari zaidi ya ishirini tuliomzunguka duma jike mwenye watoto watatu. Redio zinalia, kila mtu anataka upande wa jua. Alikuwa ameshamwekea shabaha swala tomi. Mimi ndimi niliyesogea mita tano za mwisho, mgeni wangu alikuwa na lenzi fupi. Swala akashtuka. Duma akalala chini, akatutazama. Bahashishi ya siku hiyo ilikuwa nzuri.

Siku ya tisa tulikwenda Slough Creek. Ng'ambo ya kijito, karibu kilomita mbili, kuna kilima chenye miti ya mipopla na shimo la kuzalia. Mbwa mwitu huzaa Aprili, mimba siku 63. Nilisubiri saa tatu na nusu. Walikuwepo wanafunzi wa shule, mwalimu anawashushia darubini mmoja mmoja. Ghafla msichana mmoja akasema kitu kwa kunong'ona, na barabara nzima ikanyamaza. Watoto wanne weusi, wadogo kama siafu kwenye kioo changu, wakatoka. Dume la kijivu lilikuwa linapanda kilima, mdomo mtupu. Wakamkimbilia, wakamlamba midomo, naye akainama akawatapikia nyama, vilevile wanavyofanya wa kwetu wa madoa. Sikupata picha. Kwa umbali ule, simu yangu ilipiga kilima tu.

Muda umeniishia, mwenyekiti ananionyesha saa. Maswali tutaulizana nje. Darubini niliyorudi nayo nimeifunga pale kwenye nyasi, imeelekea ule mgrevilea mrefu wa jirani. Kuna mwewe ana kiota juu kushoto, pale matawi yanapogawanyika, na asubuhi niliona kichwa kimoja cheupe kinachungulia. Mnaovaa miwani, ivueni kwanza, na msiiguse stendi, imenichukua nusu saa kuilenga.