Panga Faili za Idara ya Fedha Kwenye Google Drive: Hatua kwa Hatua

Karibu. Leo tunazipanga faili za idara ya fedha kwenye Google Drive, tukianzia mwanzo kabisa. Ingia kwa akaunti yako ya kazini, si ile binafsi, kisha twende pamoja.

Tazama upande wa kushoto. Kuna hifadhi yako mwenyewe, na kuna hifadhi za pamoja. Tofauti ya hizi mbili ndiyo iliyonifanya nirekodi video hii. Faili ukiiweka kwenye hifadhi yako, mwenye mali ni wewe, hata kama idara nzima inaifungua kila siku. Kwenye ofisi moja niliyofanya kazi, mhasibu aliyetunza leja ya wadai aliacha kazi, akaunti yake ikafutwa, na leja ikapotea nayo. Tuliijenga upya kwa kupekua ankara moja baada ya nyingine, na wapo wauzaji tuliowalipa mara mbili. Kwenye hifadhi ya pamoja faili ni mali ya timu. Mtu akiondoka, kazi yake inabaki.

Basi bofya hifadhi za pamoja, tengeneza mpya, uiite Fedha. Tengeneza na ya pili, uiite Mishahara. Naomba sana, mishahara usiifanye folda ndani ya Fedha. Ruhusa huteremka: uliyemwingiza juu kwa kawaida anaona mpaka folda ya chini kabisa. Karani uliyemwongeza ili apandishe stakabadhi asije akakuta mshahara wa bosi wake.

Sasa tuingize watu. Andika barua pepe ya mwenzako, lakini kabla ya kutuma, simama hapa. Unaona hapa pembeni? Mwanachama mpya huwekwa moja kwa moja kuwa msimamizi wa maudhui, na mwenye nafasi hiyo anaweza kutupa faili kwenye tupio. Wengi hawaihitaji. Anayeandaa hati za malipo mpe nafasi ya mchangiaji: ataongeza na kuhariri, lakini hatafuta. Anayepitia bajeti aweze kutoa maoni tu. Anayetaka kusoma ripoti, awe mtazamaji. Nafasi ya juu kabisa, ya meneja, wape watu wawili, ili mmoja akiwa likizo kazi isikwame. Na faili ikifutwa kwa bahati mbaya, usisubiri: tupio huisafisha baada ya siku 30.

Tuje kwenye majina. Anza na mwaka, kisha mwezi kwa tarakimu mbili: 2025-03 Usuluhishi wa Benki. Ukiandika miezi kwa majina, kompyuta itaipanga kialfabeti: Agosti itatangulia Aprili, na Januari itakuja baada ya Desemba. Ile sifuri mbele ya tatu pia usiiache, maana bila sifuri mwezi wa kumi unaweza kupangwa kabla ya mwezi wa pili.

Hatua inayofuata ni kushiriki. Ukiambatisha bajeti kwenye barua pepe, watu watano wanakuwa na bajeti tano, na siku ya kikao kila mmoja anasoma jumla yake. Tuma kiungo, wote wafungue faili ileile. Bofya kitufe cha kushiriki, na hapa chini palipoandikwa nani anaweza kufungua, acha ibaki kwa waliotajwa tu. Ukichagua yeyote mwenye kiungo, kiungo hicho kikisambazwa kwenye kundi la simu, aliyekipata anasoma hesabu zenu bila hata kujitambulisha. Mkaguzi wa nje mpe faili anazozihitaji pekee, kama mtazamaji, na umwekee tarehe ya mwisho ya ruhusa. Ukaguzi ukiisha, mlango unajifunga.

Sasa tufunge mwezi. Mimi hatua hii ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Fungua jedwali la Machi. Kwenye menyu ya faili, ingia kwenye historia ya matoleo, lipe toleo la sasa jina: Machi, imefungwa. Kisha nenda kwenye menyu ya data, uchague kulinda laha, na umwachie mhasibu mkuu peke yake haki ya kuhariri. Mtu akisema tarakimu imebadilika, fungua historia. Utaona nani alibadilisha nini, na saa ngapi. Badala ya kutuhumiana, mnaangalia pamoja. Ila elewa kwamba kulinda laha si kuificha. Anayeweza kuiona bado anaweza kuinakili, kwa hiyo siri zibaki kwenye ile hifadhi ya Mishahara.

Mwisho, tujaribu. Nakili kiungo cha faili moja ya Fedha. Fungua dirisha la faragha la kivinjari, ambalo hujaingia kwa akaunti yoyote, ukibandike humo, ubonyeze ingiza. Drive ikikutaka uingie kwa akaunti, umepatia. Tarakimu zikitokea, rudi kwenye kitufe cha kushiriki sasa hivi, kabla hujatuma kiungo kingine chochote.